Madoa Yaliyotoweka Siku ya Tisa: kisa cha samaki wa dhahabu katika nyumba ya wageni

Kwa nini nimekiandika kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika nyumba ya wageni kwenye mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Nimeondoa jina la mji, la nyumba na la kila mtu, na mwenye nyumba ameridhia niandike. Mimi kazi yangu ni afya ya samaki: vifaranga vya sato kwa wafugaji, na samaki wa mapambo kwa wanaoniita. Ugonjwa wenyewe, ule wa madoa meupe, ni wa kawaida mno. Kilichonifanya nikae kuandika ni siku moja tu katikati ya kisa, siku ambayo kila mtu ndani ya nyumba ile aliona kwa macho yake kwamba samaki wamepona. Hawakuwa wamepona.

Tangi lilivyokuwa

Tangi la kioo liliwekwa mapokezi, urefu sentimita 100, upana 50, kimo 50. Fundi aliyelitengeneza alisema ni la lita 250. Ukitoa changarawe na nafasi iliyoachwa juu, maji yenyewe yalikuwa kama lita 210, na hesabu zote za hapa chini ni za hizo 210. Ndani yake mlikuwa na samaki wa dhahabu tisa, wenye umri wa miaka kama miwili, kila mmoja urefu wa kidole cha kati au zaidi kidogo. Walikuwa wengi kwa tangi lile, kwa sababu samaki wa dhahabu hula sana na huchafua maji kuliko umbo lao linavyoonyesha. Hata hivyo waliishi vizuri, na sababu ni sifongo mbili kuukuu za kichujio ambazo hakuna aliyezigusa kwa miezi mingi.

Anayewalisha ni binti wa mapokezi. Kila Jumapili alitoa maji robo ya tangi na kurudishia mengine kutoka kwenye simtanki, ambamo maji ya bomba yalikuwa yamekaa siku kadhaa. Hakujua kwamba kukaa kule ndiko kulikopunguza klorini, dawa ya kuua vijidudu inayotiwa kwenye maji ya bomba. Alifanya hivyo kwa kuwa simtanki ilikuwa karibu.

Mambo yalivyofuatana

Nahesabu siku kuanzia samaki wapya walipoingia.

Siku ya 1, mwenye nyumba, mama wa makamo, alinunua samaki watatu kwa muuzaji wa barabarani. Waliingizwa tangini jioni ileile, na maji ya mfuko yakamiminwa pamoja nao.

Siku ya 5, binti aliona samaki wanajikwaruza ubavu kwenye changarawe, kama mbuzi anavyojisugua ukutani. Siku ya 6 madoa meupe yalionekana, madogo kama punje za chumvi, kwenye mkia wa samaki wawili. Samaki wa tatu, dume mkubwa kuliko wote, alikuwa na madoa mengi zaidi, lakini yake yalikaa kwenye vifuniko vya matamvua na ukingoni mwa mapezi ya kifuani. Mama akaamua huyo ndiye mwenye ugonjwa. Akamtenga kwenye ndoo.

Siku ya 7, kijana wa duka la dawa za mifugo alimpa mama unga wa oksitetrasaikilini, ule unaochanganywa kwenye maji ya kuku. Kipimo kilikuwa kijiko kimoja cha chai. Ili dawa ifanye kazi kwenye maji safi, walitoa karibu maji yote, wakaosha changarawe, wakakamua zile sifongo chini ya bomba hadi zikatoa maji meupe, kisha wakajaza tangi kwa mpira uliotoka moja kwa moja bombani. Walifanya usafi kwa mapenzi kabisa. Nimewahi kuona watu wakifanya hivyohivyo kwa mgonjwa wao wa nyumbani: kufua mashuka, kupiga deki, kufungua madirisha.

Siku ya 9 madoa yalikuwa yametoweka karibu yote. Mama alimpigia kijana wa duka kumshukuru. Wakaongeza kijiko kingine siku ya 9, na kingine siku ya 10.

Siku ya 11 asubuhi samaki wote walikuwa juu, wanahema, midomo nje ya maji. Madoa yalikuwa yamerudi, safari hii kwa kila samaki. Wawili walikufa kabla ya magharibi. Binti aliwaweka kwenye friza ili “mtaalamu awaone”.

Siku ya 12 niliitwa.

Nilichokikuta

Nilipofika mama alinipokea kwa swali: “Mwanangu, dawa imeisha nguvu au ni feki?” Nikamwomba kwanza anisimulie tangu samaki wapya walipokuja, na binti aongeze alichokiona yeye. Simulizi ile ilichukua dakika ishirini. Bila hiyo nisingejua habari za sifongo, kwa sababu hakuna aliyeiona kuwa ni habari ya ugonjwa.

Kabla ya kugusa chochote nilikaa mbele ya kioo. Samaki kumi, kwa kumhesabu yule dume wa kwenye ndoo. Wale tisa wa tangini wote walikuwa juu, na hapo ndipo palinipa shaka ya kwanza: hata wawili waliokuwa na madoa matatu au manne tu walihema sawasawa na waliojaa madoa. Kama tatizo lingekuwa kimelea peke yake, ningetarajia wenye mzigo mwepesi wahangaike kidogo.

Nikapima maji. Joto nyuzi 28. pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, 8.2, ambayo ndiyo pH ya bomba la mtaa ule. Amonia, taka yenye sumu itokayo kwa samaki, kwa kipimo cha matone ilisoma 3 mg kwa lita. Maji yalikuwa ya manjano kwa sababu ya ile dawa, kwa hiyo niliweka kando chupa ya pili yenye maji ya tangi yasiyotiwa matone, ili nisichanganye rangi ya dawa na rangi ya kipimo. Nitriti haikusomeka. Katika tangi la miaka miwili, amonia kuwa juu huku nitriti ikiwa haipo maana yake ni moja: bakteria wanaoishi kwenye sifongo, wanaogeuza amonia kuwa nitriti kisha nitreti, hawapo tena kazini.

Ile 3 si yote sumu. Amonia ndani ya maji ina sura mbili, na ile inayoua samaki ndiyo isiyo na chaji ya umeme. Sehemu yake huongezeka pH na joto vinapopanda. Kwenye pH 7 na nyuzi 25 haifiki hata asilimia moja. Kwenye pH 8.2 na nyuzi 28 ni kama asilimia kumi. Kwa hiyo samaki wale walikuwa ndani ya takriban 0.3 mg kwa lita ya amonia yenye sumu, wakati kiwango tunachojitahidi kisivukwe ni 0.02.

Kisha hadubini. Samaki wa kwenye friza hawakunisaidia. Vimelea vingi huacha mzoga au hufa nao, na barafu hupasua kilichobaki. Nilimkamata samaki hai, nikapitisha ukingo wa kioo chembamba cha slaidi nyuma ya pezi lake la kifuani nikachukua ute kidogo, nikauweka kwenye tone la maji ya tangi. Kwenye ukuzaji wa mara 40 tu vilionekana: viduara vikubwa vinavyojiviringisha polepole, vinywele vinacheza pembeni, na ndani yake kiini chenye umbo la kiatu cha farasi. Hicho ni *Ichthyophthirius multifiliis*, kimelea cha ugonjwa wa madoa meupe. Nilichukua ute wa samaki wa pili, nikakuta vilevile. Minyoo ya matamvua sikuiona.

Yule dume wa kwenye ndoo naye nilimwangalia. Madoa yake yalijipanga kwa mstari, yalikuwa magumu ukiyagusa, na hayakuwepo popote isipokuwa pale kwenye vifuniko vya matamvua na mwanzo wa mapezi. Hayo ni vipele vya dume aliye tayari kuzaliana. Siku ya 6 hakuwa na dalili yoyote ya ugonjwa. Walimtenga mzima, wakawaacha wagonjwa. Siku ya 12, hata hivyo, alikuwa na doa moja halisi mkiani, kwa kuwa aliishi nao siku zile za mwanzo.

Maamuzi na sababu zake

Niliamua kuanza na maji, kimelea baadaye, ingawa mama alitaka kuona dawa inaingia. Samaki anayehema hana siku nne za kungojea dawa ya madoa ifanye kazi, na amonia ingemmaliza usiku uleule. Tulitoa nusu ya maji mchana na sehemu nyingine kubwa jioni. Simtanki ilikuwa karibu tupu, hivyo tulitumia maji ya bomba na sodiamu thiosalfeti kuua klorini. Kila 1 mg ya klorini huhitaji takriban 7 mg za chumvi hiyo. Nilikadiria klorini 1 mg kwa lita ili nisipungukiwe, maana kuzidisha kidogo hakuna madhara na kupunguza kunaunguza matamvua.

Chakula nilisimamisha siku tatu. Binti aliona ni ukatili. Nikamweleza kwamba amonia inatokana na hicho chakula, na kwamba samaki wa dhahabu mwenye mwili ule hadhuriki kwa kufunga siku tatu.

Oksitetrasaikilini niliisitisha palepale. Kimelea cha madoa meupe si bakteria, na dawa ya bakteria haikigusi. Isitoshe, kwenye maji magumu kama ya mji ule, kalisi na magnesi huishika dawa hiyo na kuipunguzia nguvu. Ilichobaki nayo ni uwezo wa kudhuru bakteria wa kichujio.

Kwa kimelea nilichagua chumvi, gramu 3 kwa lita. Chumvi ya mawe safi isiyochanganywa na kitu, gramu 630 kwa lita 210, imegawanywa mara tatu ndani ya saa 24. Formalini na malakaiti kijani, dawa nyingine mbili za kimelea hiki, ninazo na ninazitumia. Lakini formalini hupunguza oksijeni majini, na matamvua yale yalikuwa yameshaumizwa na klorini, amonia na kimelea kwa pamoja. Malakaiti kijani sikutaka kuiacha mikononi mwa binti asiye na glavu, mapokezi, watoto wa wageni wakipita. Sababu ya tatu ndiyo iliyonipa uhakika: kichujio kikianza kufufuka, nitriti ingepanda. Nitriti hupenya kwenye matamvua na kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, na kloridi ya kwenye chumvi huizuia kupenya. Chumvi ileile ingepambana na kimelea leo na kumkinga samaki wiki ijayo. Tangi halikuwa na mimea wala kambare mdogo asiyevumilia chumvi, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwonea.

Joto sikulipandisha. Wapo wanaopasha maji hadi nyuzi 30 au zaidi ili kimelea kishindwe kuzaana, na kwa samaki wa kitropiki wenye matamvua mazima inafaa. Maji ya nyuzi 25 hubeba oksijeni kama 8.2 mg kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.5. Kwa samaki anayetweta, tofauti hiyo ni kubwa.

Nililetea tangi sifongo moja iliyokomaa kutoka kwenye tangi langu mwenyewe, ambalo halikuwa limepokea samaki mpya kwa zaidi ya miezi sita. Sifongo ya mtu nisiyejua historia ya tangi lake nisingeithubutu, kwani ningeweza kuleta ugonjwa wa pili.

Kazi ya kila siku niliyomwachia binti ilikuwa kunyonya changarawe kwa mpira, kutoa robo ya maji, yaani kama lita 52, kurudishia maji yaliyotibiwa klorini, na kuongeza chumvi ya yale maji yaliyotoka tu, kama gramu 155. Nilimwandikia kwenye daftari la wageni, ukurasa wa nyuma. Nikamwonya pia kwamba kesho na keshokutwa madoa yataongezeka, na asishtuke wala asiongeze kitu.

Matokeo

Usiku wa kuamkia siku ya 13 umeme ulikatika saa nane, ukarudi saa kumi na mbili asubuhi. Pampu ya hewa ilisimama. Walikufa wawili. Nilikuwa na pampu ya betri kwenye mkoba wangu na sikuiacha, kwa sababu sikuuliza kama pale umeme hukatika usiku. Vifo hivyo viwili ni vya uamuzi wangu.

Siku ya 13 na 14 madoa yaliongezeka kama nilivyosema. Siku ya 15 alikufa mmoja wa wale watatu wapya. Siku ya 17 hapakuwa na doa hata moja, na tulipofikia hapo binti mwenyewe alikataa ombi la mama la kuacha chumvi. Nitriti ilionekana siku ya 16, ikapanda hadi 2 mg kwa lita, ikashuka. Amonia ilisoma sifuri siku ya 22. Siku ya 26 tulianza kuondoa chumvi kwa kubadili maji bila kuirudishia. Walibaki saba, akiwemo yule dume.

Uchambuzi

Nirudi siku ya 9.

Doa jeupe tunaloliona ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi ya samaki, kinakula na kunenepa. Pale kilipo, chini ya ngozi, dawa ya majini haikifikii. Kikishakomaa huchomoka, huanguka chini, hujifunika ganda kwenye changarawe, na ndani ya ganda hugawanyika mara nyingi hadi kutoa watoto mamia. Humo ndani ya ganda pia dawa haipenyi. Watoto wale wakitoka huogelea kutafuta samaki, na wasipompata kwa siku moja au mbili hufa. Ni katika kuogelea huko peke yake ndipo chumvi, formalini au dawa nyingine yoyote hukipata kimelea. Kwenye nyuzi 25 mzunguko wote huchukua siku tatu hadi sita. Kwenye maji baridi ya nyuzi 10 unaweza kuvuka mwezi.

Kwa hiyo madoa ya siku ya 6 yalitoweka siku ya 9 kwa sababu yalikuwa yameiva. Yangetoweka hata kama mama angetia sukari. Siku ile furaha ilipokuwa kubwa ndiyo siku changarawe ilipojaa maganda, na siku ya 11 watoto wake wakawa wameshaingia kwa kila samaki. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili mara mbili: homa ya malaria hupanda na kushuka kwa zamu za vimelea ndani ya damu, na tunajua mtu haachi dozi katikati kwa kuwa leo hana homa. Nilipomweleza mama kwa mfano huo alinyamaza, kisha akasema, “Kumbe nilimshukuru yule kijana kwa kazi ya mdudu.”

Ndiyo maana pia madoa yaliongezeka baada ya dawa sahihi kuingia. Vimelea vilivyoingia ngozini siku ya 11 vilikuwa vidogo visivyoonekana. Siku ya 14 vilikuwa vimenenepa. Laiti nisingemwonya binti, angehesabu chumvi imeshindwa kama vile mama alivyohesabu oksitetrasaikilini imefaulu, na wote wawili wangekuwa wamekosea kwa sababu ileile.

Kati ya amonia na kimelea, kipi kiliua zaidi? Kwa kuwa nilitibu vyote siku moja, kisa hiki hakiwezi kutenganisha. Ninaloamini ni kwamba samaki wa miaka miwili, kwenye maji mazuri, na kichujio chao cha zamani, wangeustahimili ugonjwa ule kwa chumvi tu na pengine tungempoteza mmoja. Usafi wa siku ya 7 ndio uliougeuza ugonjwa kuwa msiba. Sifongo ilipaswa kukamuliwa ndani ya ndoo ya maji yaleyale ya tangi, na si zote mbili siku moja.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni hesabu ya chumvi kwa maji yaliyotoka. Matibabu mengi ya chumvi huharibika hapo: mtu hubadili maji kila siku, husahau kurudishia, siku ya nne anabaki na maji ya kawaida. Au hurudishia kipimo kizima kila siku, samaki wakafa kwa chumvi.

Kuna kosa langu la pili. Sikuuliza kama nyumbani mle kuna samaki wengine. Siku ya 18 mjukuu wa mama alileta bakuli lake la kioo kutoka ghorofani: samaki mmoja, madoa kumi na kitu. Wavu ule mdogo wa kijani ulikuwa ukipanda na kushuka ngazi, umelowa. Kimelea hiki hakivumilii kukauka, na wavu ulioanikwa juani siku nzima usingekibeba. Tulimtibu kwenye beseni la lita 20 kwa gramu 60 za chumvi na jiwe la hewa, akapona.

Lile beseni halikurudishwa jikoni. Lina sifongo ya tatu sasa, iliyokomaa kwanza ndani ya tangi kubwa, na mama amekubali kwamba samaki yeyote mpya atakaa humo wiki nne kabla ya kushuka mapokezi. Mara ya mwisho nilipopita walikuwemo wawili, wiki ya pili, na binti alikuwa ameandika joto na amonia ya kila siku kwenye lile daftari la wageni, chini ya majina ya waliolala chumba namba tatu.